Damu Ni Dawa, na Dawa Ina Kipimo: Kuvuja Damu Wakati wa Upasuaji na Hatari kwa Mapafu



Ndugu msomaji, somo letu la leo ni la wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, lakini halitamwacha nje anayesoma sheria, ualimu au biashara. Kila mmoja wetu ana mama, dada au mke ambaye siku moja huenda akapelekwa thieta. Na wengi wetu tumewahi kunyoosha mkono ili damu itolewe. Basi ni vyema tujue damu ile inafanya nini ikifika kwa mgonjwa, inaokoa vipi, na ni wakati gani inaweza kudhuru.

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili, in shaa Allah, uweze:
1. Kueleza hatua za kudhibiti kuvuja damu kabla na wakati wa upasuaji.
2. Kutofautisha madhara mawili makubwa ya mapafu yanayotokana na kuongezewa damu.
3. Kujua la kufanya mgonjwa anapokosa pumzi baada ya kuongezewa damu.
4. Kueleza nafasi ya mwanafunzi Mwislamu katika kulinda benki ya damu.

1. Ukubwa wa jambo lenyewe

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika, Uganda ikiwemo. Wagonjwa zaidi ya 11,000 walifuatiliwa. Takriban 2 katika kila 100 walifariki, na karibu wote katika hao hawakufia mezani. Walifariki siku zilizofuata, wakiwa wodini. Upasuaji uliofanyika kwa wingi zaidi ulikuwa ule wa kujifungua, na miongoni mwa akina mama waliofanyiwa, takriban 1 katika kila 200 alifariki. Kuvuja damu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Huku kwetu mashariki kuna mambo mawili ya ziada. Barabara kuu itokayo Jinja kupitia Iganga kuelekea Tororo na Mbale hubeba malori na bodaboda usiku na mchana, na majeruhi wake huishia katika hospitali za rufaa. Pili, malaria na selimundu zimekithiri. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga ulionyesha kwamba 13.3% ya watoto wa Uganda wanabeba chembe ya urithi ya selimundu, na maeneo ya mashariki ni miongoni mwa yaliyo juu zaidi. Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi hufika thieta wakiwa tayari na upungufu wa damu, kabla kisu hakijagusa ngozi.

2. Safari ya damu: kwa nini mapafu ndiyo huumia?

Damu inayoongezwa kwenye mshipa wa mkono huenda kwanza upande wa kulia wa moyo. Kutoka hapo haivuki moja kwa moja kwenda kushoto. Lazima ipite kwenye mapafu. Jambo hili lilielezwa katika karne ya 13 na tabibu Mwislamu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288. Wakati huo vitabu vya Galen vilifundisha kwamba damu hupenya kwenye vitundu vya ukuta wa kati wa moyo. Ibn al-Nafis alilikana hilo waziwazi, akasema ukuta ule hauna njia, na damu hupita mapafuni kuchanganyika na hewa.

Kwa hiyo kila tone la damu ya mchangiaji, pamoja na kila kilichomo ndani yake, hukutana kwanza na kapilari za mapafu. Ukuta wa kapilari hizo ni mwembamba mno, kwa sababu kazi yake ni kupitisha oksijeni. Wembamba huohuo ndio udhaifu wake. Ukijeruhiwa, au ukisukumwa na shinikizo kubwa kutoka ndani, maji huvuja na kujaza vifuko vya hewa, na mgonjwa huanza kuzama akiwa kitandani.

3. Kudhibiti kuvuja damu

*Kabla ya upasuaji.* Chupa ya damu iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo mgonjwa hakuihitaji. Mama mjamzito apimwe hemoglobini mapema kliniki, apewe madini ya chuma na foliki, atibiwe malaria na minyoo. Mgonjwa aulizwe: umewahi kutokwa damu nyingi baada ya kung'olewa jino au kujifungua? Una selimundu? Unatumia dawa gani, pamoja na za mitishamba? Kundi la damu lijulikane, upimaji wa ulinganifu ufanyike, na mtu mmoja ahakikishe kwa macho yake kwamba damu iko kwenye friji ya hospitali.

*Wakati wa upasuaji.* Jambo la kwanza ni kuziba panapovuja. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alifundisha kufunga mishipa kwa uzi na kuichoma kwa moto, na kanuni ile haijabadilika: dripu na damu hununua muda, lakini hazizibi mshipa. Kwa mama aliyejifungua, chanzo cha kawaida zaidi ni kizazi kilicholegea. Kikandwe, apewe oksitosini, na kitafutwe kipande cha kondo la nyuma kilichobaki au mchaniko.

Jambo la pili ni asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia bonge la damu lisiyeyuke mapema. Uchunguzi wa mwaka 2010 kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba hupunguza vifo. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine kwa akina mama 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 vifo vya kuvuja damu vilipungua kutoka 1.7% hadi 1.2%. Kwa mama, dozi ni gramu 1 kwenye mshipa kwa muda wa dakika 10, na hurudiwa mara moja ikiwa damu inaendelea baada ya dakika 30 au imeanza upya ndani ya saa 24. Zikipita saa 3 faida hupotea. Isiwe dawa ya kukumbukwa mwisho.

Jambo la tatu ni kumlinda mgonjwa na mambo matatu yanayoharibu uwezo wa damu kuganda: baridi, tindikali kuzidi mwilini, na kuzimuliwa kwa damu. Damu ya benki hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 6. Chupa nne za baridi zikiingia haraka, mwili hupoa na damu huacha kuganda. Basi mgonjwa afunikwe, na damu ipashwe kwa kifaa chake maalumu, kamwe si kwa maji ya moto ya beseni. Dawa inayozuia damu isigande ndani ya chupa hula kalisi ya mgonjwa, kwa hiyo anayepewa chupa nyingi huhitaji kuongezewa kalisi. Na maji ya dripu yakimiminwa bila hesabu huzimua vigandishi vilivyobaki.

Jambo la nne ndilo damu yenyewe. Anayevuja kwa kasi na presha yake inashuka apewe bila kuchelewa. Hapa kusitasita kunaua. Lakini kuvuja kukishadhibitiwa, kila chupa inayofuata iwe na sababu yake. Ongeza moja, pima, kisha amua.

4. Madhara mawili ya mapafu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mama mwenye kilo 60 amefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa sindano ya mgongo. Amepoteza lita 1.5, amepewa lita 3 za dripu na chupa 3 za damu. Kuvuja kumesimama, Alhamdulillah. Baada ya saa mbili wodini anakohoa, anahema haraka, na kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni 84%. Ndugu zake wanasema, "Damu bado haijamtosha, mwongezeeni." Nesi anatazama friji: ipo chupa moja zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Kukosa pumzi baada ya kuongezewa damu kunaweza kuonekana kama dalili ya kupungukiwa damu, na chupa nyingine ikatundikwa juu ya mapafu yaliyojaa maji. Yapo madhara mawili ya kufikiria mara moja.

*(a) Mzunguko wa damu kuelemewa.* Wataalamu huuita kwa ufupi TACO. Maji na damu vimezidi uwezo wa moyo, shinikizo limerudi mapafuni, na maji yamesukumwa nje ya kapilari. Hutokea ndani ya saa 12 tangu kuongezewa damu. Presha kwa kawaida hupanda, mishipa ya shingo huvimba, na ukisikiliza kifua kwa chini utasikia sauti kama ya nywele zikisuguliwa karibu na sikio. Walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, wenye ugonjwa wa moyo au figo, mama mwenye kifafa cha mimba au presha ya mimba, na mtu mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu. Huyu wa mwisho damu yake ni nyepesi lakini ujazo wake haujapungua. Ukimwongezea kwa kasi ya aliyekatwa panga, unamzamisha. Tiba: simamisha, mwinue akae, mpe oksijeni, mpe furosemidi.

*(b) Jeraha la mapafu litokanalo na damu.* Hili huitwa TRALI. Hapa tatizo si wingi. Hata chupa moja hutosha. Ndani ya plazima ya mchangiaji mna kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za mgonjwa. Chembe hizo zimekwisha kukusanyika kwenye kapilari za mapafu kwa sababu ya upasuaji au maambukizi. Zinapochokozwa hutoa sumu zake papo hapo, na ukuta wa kapilari huvuja. Hutokea ndani ya saa 6. Mara nyingi huja na homa, na presha hushuka badala ya kupanda. Mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi hawezi kusema. Mtaalamu wa usingizi ataona oksijeni ikishuka, mapafu yakiwa magumu kusukuma hewa, na pengine povu kwenye mpira wa kupumulia. Tiba ni oksijeni na kusaidia upumuaji. Furosemidi haitibu ukuta uliojeruhiwa, na kwa mtu ambaye presha yake imeshuka inaweza kumzidishia shida. Wengi hupata nafuu ndani ya siku 2 hadi 4 wakipata oksijeni ya kutosha.

Picha ya eksirei haitenganishi haya mawili vizuri. Yote huonyesha mapafu meupe pande zote mbili. Kinachosaidia ni presha, homa, mishipa ya shingo, na hesabu ya kila kilichoingia na kutoka mwilini. Na mara nyingine yote mawili huwa kwa mgonjwa mmoja.

Usisahau mengine. Damu isiyo ya kundi lake huleta maumivu ya mgongo, homa, kutokwa damu kila alipochomwa sindano, na mkojo mweusi. Hapa kwetu mkojo mweusi una mtego wake: homa ya mkojo mweusi imeripotiwa sana kwa watoto wa mashariki mwa Uganda, kwa hiyo uliza kama mkojo ulikuwa hivyo kabla ya damu kuanza. Mwenye selimundu naye anaweza kupata shida ya kifua ya ugonjwa wake inayofanana na TRALI.

5. Somo ambalo Mbale iliifundisha dunia

Wanafunzi wa Mbale wana haki ya kujua kwamba baadhi ya majibu ya maswali haya yalitafutwa jirani na madarasa yao. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilishiriki tafiti mbili kubwa zilizoongozwa na Profesa Kathryn Maitland, naye Daktari Peter Olupot-Olupot akiwa miongoni mwa viongozi wa upande wa Mbale.

Ya kwanza, FEAST, ilichapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, katika Uganda, Kenya na Tanzania, waligawanywa: wengine walipewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walifariki takriban 10.5% ya waliopewa, na 7.3% ya wasiopewa. Kilichodhaniwa kuwa msaada kilidhuru.

Ya pili, TRACT, ilichapishwa mwaka 2019, ikifanywa katika hospitali tatu za Uganda na moja ya Malawi. Kwa watoto 1,565 wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kuwapa damu papo hapo hakukuleta tofauti ya wazi ya vifo kulinganisha na kuwafuatilia kwa karibu na kuwapa pale tu hali ilipozidi. Takriban nusu ya waliofuatiliwa hawakuhitaji damu kabisa. Sehemu nyingine, yenye watoto 3,196, ilipima kiasi: mililita 20 au 30 kwa kila kilo. Kwa jumla hapakuwa na tofauti ya wazi, lakini wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, na wenye homa walidhurika nacho.

Tahadhari: tafiti hizi hazikuhusu wagonjwa wa upasuaji wala waliojeruhiwa. Usije ukamnyima damu mama anayevuja kwa kisingizio cha TRACT. Tunachochukua ni adabu ya kufikiri: maji na damu ni dawa, na dawa ina mtu wake, kiasi chake na wakati wake.

6. Mgonjwa akikosa pumzi: hatua kwa mpangilio

1. Simamisha damu. Usiung'oe mshipa, uache wazi kwa dripu ya chumvi inayoenda polepole.
2. Mwinue akae kama presha yake inaruhusu, mpe oksijeni, ita msaada.
3. Linganisha jina na namba ya mgonjwa na zile zilizo kwenye chupa.
4. Pima presha, mapigo, joto na oksijeni. Andika na saa.
5. Hesabu kilichoingia na kilichotoka. Angalia kama bado anavuja.
6. Dalili za kuelemewa zikiwapo, mpe furosemidi. Presha ikiwa chini na ana homa, saidia upumuaji na umtafutie mahali penye uangalizi mkubwa.
7. Usitupe chupa. Ipelekwe maabara pamoja na sampuli mpya, na benki ya damu iarifiwe, kwa sababu mchangiaji huyohuyo anaweza kuwa na chupa nyingine njiani kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Hatua ya 4 haina maana kama ndiyo mara ya kwanza mgonjwa anapimwa. Apimwe kabla ya damu, dakika 15 baada ya kuanza, inapomalizika, na katika saa zinazofuata. Yule mama wa mfano wetu hakuhitaji mashine ya gharama. Alihitaji mtu wa kurudi kumtazama.

7. Benki ya damu na sisi

Huduma ya damu ya Uganda ina makao yake Nakasero, Kampala, na benki ya kanda ipo hapa Mbale. Kwa miaka mingi wachangiaji wake wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana shule zikifungwa friji huwa tupu. Wanafunzi wa vyuo tunaweza kuziba pengo hilo.

Je, sheria inasemaje? Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah, katika azimio lake la mwaka 1988 kuhusu viungo, liliruhusu kumpa mtu mwingine kinachojirudisha chenyewe mwilini, na likataja damu kwa jina. Aya ya 32 ya Suratul Maida tunaijua sote. Kuuza damu ni jambo jingine, nalo limekatazwa. Katika Ramadhani, changia baada ya kufuturu, uondokane na udhaifu na hitilafu ya wanazuoni kuhusu swaumu.

Swali la dada zetu: kingamwili zinazoleta TRALI hupatikana zaidi kwa wanawake waliobeba mimba mara kadhaa. Je, wanawake wasichangie? Hapana. Uingereza tangu mwaka 2003 ilianza kuchukua plazima kwa wanaume zaidi, lakini chembe nyekundu za wanawake ziliendelea kutumika. Binti ambaye hajawahi kubeba mimba hana sababu hiyo ya hatari. Akiwa na miaka 17 au zaidi, afya njema na hemoglobini ya kutosha, aende. Kwa mwanamke kila miezi 4, kwa mwanamume kila miezi 3.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mapafu ndicho kiungo cha kwanza kukutana na damu iliyoongezwa?
2. Mama amevuja kwa saa 5 baada ya kujifungua. Je, asidi ya traneksamiki bado itamfaa? Eleza.
3. Taja tofauti tatu kati ya TACO na TRALI.
4. Kwa nini mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu asiongezewe kwa kasi ya majeruhi?
5. Ndugu wa mgonjwa anasisitiza chupa nyingine iongezwe ilhali mgonjwa anahema. Utamweleza nini, kwa lugha anayoielewa?

Swali la tano mjadiliane katika halaka zenu, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake: Kisoga, Kigisu, Kiteso au Kiswahili. Siku utakapoulizwa wodini, hutapewa muda wa kutafuta maneno.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awalipe kheri wanaotoa damu zao kwa ajili ya watu wasiowajua. Wabillahi tawfiq.